Vidonge vya Mafuta ya Samaki Katika Mji wa Wavuvi

Mkimbiaji wa masafa marefu hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mbio umemaliza Jumapili, mwili umechoka lakini roho imeburudika. Jumatano koo linaanza kuwasha. Ijumaa pua imeziba, kichwa kizito, na ratiba uliyojipangia kwa wiki zinazofuata imekwisha kazi. Kwetu Lamu maelezo yake ni mafupi: "Ni baridi ya bara hiyo." Ndivyo mama anavyoniambia kila nikirudi kutoka Nairobi, na dawa yake ni tangawizi, ndimu na lawama.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Alfajiri, kabla ya kazi, nina kikundi cha vijana ninaokimbia nao kutoka Langoni hadi Shela na kuendelea na ufukwe. Wengine ni wakimbiaji kweli, wengine wanasakata kandanda na wanachotaka ni pumzi tu, na wako waogeleaji ambao hamu yao yote ni mashindano ya wakati wa Maulidi. Saa ya kuanza haipangwi na mimi, inapangwa na bahari. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na kuifunika njia ya pwani, basi ama tusubiri yapwe ama tupite juu vichochoroni tukipishana na punda waliobeba mchanga. Lakini maji yakishatoka, mchanga wa Shela huwa mgumu na tambarare, mtamu kwa mguu kuliko lami yoyote niliyowahi kuikimbilia.

Vijana hawa wakifanya mazoezi ya kawaida hawaugui ovyo. Tabu ni msimu wa mashindano. Wiki za mazoezi makali, kisha safari, kisha mbio zenyewe, na nusu ya kikundi iko kitandani. Nilipoanza kusoma nikaona hatuko peke yetu. Mwaka 1982 watafiti wa Afrika Kusini waliwafuatilia wakimbiaji wa Two Oceans kule Cape Town, mbio za kilomita 56. Katika wiki mbili zilizofuata, thuluthi moja ya wakimbiaji walipata dalili za mafua na koo, na miongoni mwa watu waliolinganishwa nao ambao hawakukimbia ilikuwa kama asilimia 15. Miaka mitano baadaye Mmarekani David Nieman akafanya hesabu ya namna hiyo kwenye marathoni ya Los Angeles: asilimia 12.9 ya waliokimbia waliugua wiki iliyofuata, dhidi ya asilimia 2.2 ya wakimbiaji wenzao ambao walijiandaa vilevile lakini siku ile hawakushiriki. Kwa hiyo mama hakosei kwamba kuna kitu. Anachokosea ni kuitupia Nairobi lawama yote.

Binamu yangu anafanya kazi Jeddah, na likizo akija huja na masanduku yaliyofurika. Safari moja, kati ya udi, manukato na nguo za watoto, akatoa chupa kubwa ya vidonge laini vya rangi ya dhahabu.

"Mafuta ya samaki haya, ndugu yangu. Yanaongeza kinga. Wachezaji wakubwa wote wanameza. Wape vijana wako, mafua mtayasikia kwa majirani."

Kupeleka mafuta ya samaki Lamu kutoka Jeddah kwa ndege, basi na boti ni kichekesho, na watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini chupa niliichukua, kesho yake nikaenda nayo mazoezini, na mmoja wa vijana akauliza, "Mwalimu, tumeze vingapi?" kabla hata sijasema ni nini. Nikawaambia hatumezi kitu ambacho hatujakisoma. Tukakaa kwenye ukuta wa gati, chupa ikapita mkono kwa mkono.

Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa: miligramu 1000. Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo ilibidi nimwachie kijana mwenye macho mazima azisome, imeandikwa EPA 180, DHA 120. Hivyo viwili ndivyo vinavyotafutwa mtu anaponunua mafuta ya samaki, ndizo zile omega-3 za baharini. Jumlisha, ni 300. Zile 700 zilizobaki ni mafuta mengine tu ya samaki. Vidonge vingi vya bei ya kawaida vina mgao huuhuu. Sasa mtu akisikia kwamba utafiti fulani ulitumia gramu 2 za omega-3 kwa siku, akameza vidonge viwili vya 1000 akidhani amefika, kumbe hajapata hata thuluthi. Vijana walifanya hesabu hiyo wenyewe, na nilifurahi, kwa sababu darasani hesabu za asilimia ni vita.

Kisha nikachukua pini nikatoboa kidonge kimoja, mafuta yakadondokea kiganjani. Tukanusa. Mafuta mazuri ya samaki yananuka samaki kidogo tu, kwa mbali, ukubali mwenyewe kwamba ni samaki. Haya yalikuwa yamevunda, yana ule ukali wa rangi ya mafuta uliochanganyika na samaki wa juzi. Omega-3 ni mafuta yanayoharibika upesi kuliko mengi tunayoyajua jikoni: joto, mwanga na hewa vyote ni maadui zake. Fikiria chupa hiyo imekaa dukani Jeddah, imekaa kwenye sanduku, imepigwa na jua kwenye buti la basi, kisha ikawekwa chumbani chini ya mabati. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado mbali. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kuhusu vidonge hivi, la kwanza ninalomwambia ni atoboe kimoja anuse, na akivipata vizuri aviweke kwenye friji. Ni jambo dogo, lakini sijaona mwenye duka anayelisema.

Wakati tunanusa akapita mzee mmoja fundi wa majahazi, akauliza tuna nini. Nikamwonyesha. Akachukua tone, akalisugua kwa vidole, akanusa, akatabasamu.

"Hii si sifa hii?"

"Ni kama sifa, ami, lakini hii ni ya kumeza."

"Sisi twapaka mbao, nyinyi mwala!" Akaenda zake akicheka, na nina hakika kufikia adhuhuri kisa kilikuwa kimefika Matondoni.

Kwa wasiojua, sifa ni mafuta yanayotolewa kwenye ini la papa. Mafundi wetu hupaka nayo mbao za chombo zisipasuke na zisinywe maji, na chini ya chombo hupakwa shahamu na chokaa. Harufu yake ukiivaa kwenye nguo, nguo hiyo huna tena. Nilieleza hapo hapo, maana vijana wa hapa wamelelewa na mafuta ya ini la papa karibu, na wako wazee wanaosimulia kupewa kijiko utotoni: mafuta ya ini si sawa na mafuta ya mwili wa samaki. Ini la samaki huhifadhi vitamini A kwa wingi, na vitamini A ikizidi ni sumu. Inaumiza ini la mtu, na kwa mja mzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge vingi vya omega-3 hutengenezwa kwa miili ya samaki wadogo wenye mafuta, lakini yale mafuta ya ini la chewa (cod) yanayouzwa kwenye chupa za shira yana vitamini A na D ndani yake. Anayetaka kuongeza kipimo cha hayo ili apate omega-3 nyingi anaongeza na A bila kujua. Chupa zenyewe rafuni zimesimama pamoja, picha ya samaki ni moja.

Baada ya hapo ilibaki swali la binamu. Yanaongeza kinga?

Hili nililisoma kwa muda, usiku usiku, na jibu lake lina pande. Omega-3 ukiimeza haikai tumboni ikisubiri virusi. Inaingia kwenye kuta za seli, zikiwemo chembe nyeupe za damu, inachukua nafasi ya mafuta mengine yaliyokuwa hapo. Kazi hiyo ni ya wiki kadhaa, kwa hiyo kidonge cha usiku wa kuamkia mbio ni cha kujifariji. Chembe zikishabadilika ukuta, kemikali zinazotoa wakati wa vita zinakuwa na ukali mdogo zaidi, na nyingine ni za kuzima moto baada ya vita. Yaani kazi kuu ya mafuta haya ni kutuliza ule uvimbe na joto la ndani. Sasa uvimbe na joto ni sehemu ya kinga yenyewe. Kitu kinachotuliza kinga na kitu kinachoiongeza si kitu kimoja, na matangazo huvisema vyote viwili kwa pumzi moja.

Kuna utafiti unaompa binamu nguvu kidogo. Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, walichukua vijana 16 wa kiume, wengine wakapewa gramu 3 za mafuta ya samaki kwa siku kwa wiki 6, kisha wote wakaendeshwa baiskeli kwa saa nzima. Saa 3 baadaye, damu za waliokunywa mafuta zilikuwa na chembe za kushambulia virusi zenye ari zaidi kuliko za wenzao. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2012. Lakini miaka mitatu kabla, Nieman yuleyule wa Los Angeles aliwapa waendesha baiskeli waliozoea mazoezi gramu 2.4 za omega-3 kwa siku, wiki 6 vilevile, akawachosha saa 3 kila siku kwa siku 3 mfululizo, na hakuona tofauti yoyote ya maana katika vipimo vya kinga. Halafu, na hili ndilo lililonikalia zaidi, chembe kuchangamka ndani ya mrija wa maabara si sawa na mtu kutougua. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki lilipitia virutubisho vya wanamichezo kimoja kimoja. Kuhusu omega-3 walisema hakuna ushahidi kwamba inapunguza mafua kwa wanamichezo. Vitamini C na D na bakteria wazuri wa tumboni walivipa alama bora zaidi, na hata hizo si za kupigia vigelegele.

Sikuishia kusema "basi tupeni chupa". Nilitaka kujua kama hayo mafuta hayazuii mafua, ni nini kinachotuangusha sisi. Hapo nikakutana na hoja ya Campbell na Turner wa Chuo Kikuu cha Bath, ya mwaka huohuo 2018, ambayo ilinipindua. Kwa miaka mingi walimu wa michezo tulifundishwa kwamba baada ya mbio ndefu kinga huporomoka, dirisha linabaki wazi kwa masaa au siku, virusi vinaingia. Hawa wawili wakasema zile chembe nyeupe zinazopotea kwenye damu baada ya mazoezi hazijafa, zimehamia mapafuni, utumboni na kwingineko kulinda doria. Wanaougua baada ya mbio, wakasema, watafute sababu kwenye msongamano wa watu, safari, usingizi uliopotea, chakula na wasiwasi. Wataalamu wengine bado wanabishana nao. Mimi niliwaza safari zetu.

Kutoka Lamu kwenda mbio za Nairobi: boti mpaka Mokowe, kisha basi. Vizuizi vya usalama vilivyozoeleka kwenye barabara hii, mnashuka, mnapanga mstari, mnapanda. Garsen, Malindi, Mombasa, halafu usiku kucha kwenda juu. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi kwanza na baridi baadaye. Abiria wa nyuma anakohoa tangu Witu. Vijana wanakula keki za paketi na soda, wanalala shingo upande, wanafika asubuhi mahali palipo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa kavu, wanalala sakafuni kwa jamaa watu wanane chumba kimoja, wanakimbia, jioni ileile wanapanda basi kurudi. Hapo utamtafuta mchawi wa nini? Kidonge cha dhahabu kingefanya kazi gani humo?

Tukabadilisha safari. Sasa tukipata uwezo tunalala Mombasa njiani, tunafika Nairobi na usiku mmoja wa mto na shuka kabla ya mbio. Barakoa zilizobaki tangu siku za korona tunazivaa ndani ya basi, na wavulana mwanzoni walizivaa kidevuni mpaka wasichana walipowacheka. Kila mtu ana chupa yake ya maji yenye jina. Hili la chupa lilileta ugomvi kuliko yote, maana kwetu kumnyima mwenzako maji ni aibu kubwa, na kunywa kinywa kwa kinywa ni udugu. Ilibidi niseme wazi kwamba mwenye mafua akitoa chupa yake anatoa na mafua yake. Msichana mmoja akapata ufumbuzi: mimina kwenye kiganja cha mwenzako, anywe. Heshima imebaki, mate hayakuhama.

Usingizi ndio uliokuwa mgumu. Mazoezi yetu ni baada ya sala ya alfajiri, na mechi za Ulaya za katikati ya wiki kwa saa zetu zinaanza saa nne au saa tano usiku, zinaisha saa sita au saa saba kasoro kidogo, halafu ubishi barazani. Saa kumi na moja yuko msikitini, kumi na mbili yuko mchangani. Niliwasomea utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015: watu 164 wenye afya walipimwa usingizi wao kwa wiki nzima, kisha wakatiwa matone ya virusi vya mafua puani na kufungiwa hotelini waangaliwe nani ataugua. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Kilichowagusa vijana ni kwamba watu walikubali kutiwa mafua puani kwa malipo; wakaanza kuuliza malipo yalikuwa kiasi gani. Hata hivyo ujumbe ulifika. Siku za kufuata usiku wa mechi tumehamishia mazoezi jioni, na huo ni ushindi nilioupata kwa kurudi nyuma hatua moja, kwa sababu kuwakataza mechi nisingeweza.

Kwenye chakula tulikuwa na bahati, kwani vinavyotakiwa vipo. Mazoezi yakizidi saa moja na nusu, mwili ukikosa wanga homoni za msongo zinapanda na kinga inayumba; hilo limepimwa mara nyingi. Tende mfukoni zinatosha, na baada ya kukimbia ni uji au mahamri kwa mbaazi. Vitamini C nayo ina kisa chake. Kwa mtu wa kawaida kuimeza kila siku hakumzuii mafua. Lakini kwa watu walio kwenye suluba kubwa, wakimbiaji wa marathoni na askari walio kwenye baridi kali, majaribio yalipounganishwa yalionyesha mafua yakipungua karibu nusu. Katika jaribio moja la wakimbiaji wa Comrades, zile mbio za Afrika Kusini za karibu kilomita 90, waliokunywa miligramu 600 kwa siku kwa wiki 3 kabla waliugua asilimia 33, na waliopewa kidonge bandia asilimia 68. Kwetu msimu wa maembe ngowe ukifika hakuna haja ya duka la dawa, na pera moja lina vitamini C kushinda chungwa.

Nina daftari la mahudhurio ambamo huandika nani hayupo na kwa nini. Tangu tubadilishe safari na ratiba, kurasa za msimu wa mbio zina "mafua" chache kuliko zamani. Daftari la mwalimu si utafiti, najua, huenda miaka hiyo mafua yenyewe yalikuwa machache. Kijana mmoja aliyemeza vidonge vya binamu kwa siri, vilevile vilivyovunda, aliugua sawa na wenzake na akawa anapiga mbweu za samaki darasani, ndivyo nilivyomgundua.

Sasa nirudi kwa wale waliocheka kwamba tunaletewa mafuta ya samaki kisiwani. Kicheko kile kina kasoro. Tunaishi na samaki, sawa, lakini samaki gani anafika kwenye sahani ya kijana? Nguru na jodari wazuri wakishuka gatini wanapakiwa barafu, wanaelekea mahoteli ya Shela au Mombasa. Nyumbani huliwa tafi na changu, samaki watamu wa miambani, lakini nyama yao ni nyeupe, mafuta yake kidogo. Tena hukaangwa kwenye mafuta mengi ya kupikia yaliyokaangia jana, basi samaki anatoa mafuta yake kidogo aliyonayo na kunywa ya kikaangoni. Na kusi likivuma, kuanzia Mei hadi Agosti, bahari ya nje haiendeki kwa vyombo vidogo, kuna wiki ambazo jibu sokoni ni moja, "yeo hakuna". Nilipowauliza vijana wangu wamekula nini wiki nzima, wengine walitaja chipsi, maharage na mayai. Watoto wa wavuvi hao.

Mapendekezo ya Ulaya kwa mtu mzima ni miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku, ambazo unazipata kwa samaki mara moja au mbili kwa wiki, mradi awe mwenye mafuta. Samaki huyo tunaye, ni kibua, ambaye watu humdharau kwa kuwa ni wa bei ndogo. Mama huvipasua vibua mbavuni mikato mitatu kila upande, anavipaka thaumu iliyotwangwa kwa pilipili, chumvi na ndimu, anaviacha mpaka makaa yawe mekundu bila moshi. Vikianza kudondosha mafuta na makaa yakaita "tss", anavipaka tui zito kwa jani la mgomba, anageuza, anapaka tena. Siku za kusi kuna saradini za kopo. Gramu 100 zake hutoa karibu gramu 1 ya omega-3, ambayo kwa vidonge vya binamu ni zaidi ya vitatu. Na samaki anakuja na protini, vitamini D na madini, mambo ambayo kwenye kidonge huyapati.

Kwa wale wenye ndoto za kukimbia kwa jina la taifa, kuna sababu nyingine ya kukwepa chupa zisizo na ukoo. Mafuta ya samaki hayajapigwa marufuku michezoni. Ila kiwandani kirutubisho kimoja kikichanganyika na kingine, kilichoandikwa nje na kilichomo ndani vinaweza kutofautiana. Maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kupima virutubisho 634 kutoka nchi 13, visivyotakiwa kuwa na homoni yoyote, na takriban asilimia 15 vilikutwa nazo. Kenya ina sheria ya kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni tangu 2016 na wakala wake, na kanuni ni kwamba kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata ukiapa kwamba alikupa binamu.

Wapo ambao ningewaambia wavitumie. Mwenye mafuta mengi mabaya kwenye damu anaweza kupewa vya kipimo kikubwa na daktari, hiyo ni tiba na si kinga ya mafua, na kwa vipimo hivyo vikubwa wapo wagonjwa wa moyo ambao mapigo yalivurugika, ndiyo maana daktari awepo. Anayekunywa dawa za kuyeyusha damu naye aulize kwanza. Na yuko msichana mmoja katika kikundi chetu, mwogeleaji hodari, ambaye samaki akimgusa ulimi tu midomo inavimba. Kisiwani hapa hiyo ni mitihani, hata harufu ya jikoni kwa jirani inamtia hofu. Babake alinijia: mtoto hali samaki kabisa, je, kinga yake itakuwaje? Nikamweleza kwamba samaki mwenyewe hizo omega-3 hazitengenezi kwa wingi, anazipata kwenye mimea midogo ya baharini isiyoonekana kwa macho, na siku hizi kuna vidonge vinavyokamuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mimea hiyo bila samaki ndani. Akaulize daktari na asome kibandiko. Akataka kujua bei. Nikamwambia iko juu kuliko ya vile vya samaki.

"Ni lazima lakini, mwalimu?"

"Si lazima. Lililo lazima ni ile simu ilale nje ya chumba chake."

Akanitazama kwa muda, akasema hilo nimwambie mwenyewe, yeye ameshashindwa.